Gramu Hamsini na Nne za Alumini

Mlipuko ulisikika Jumapili saa tisa na dakika kumi alasiri, saa ambayo watu wa Ohlenbach wako mezani na kahawa na keki, na hawataki kusumbuliwa hata na mchungaji. Madirisha ya nyuma ya duka la mikate la Stähle yaling'oka pamoja na fremu zake yakaangukia barabarani. Zimamoto walipofika hawakukuta moto wa kuzima. Walikuta chumba cha nyuma kimepasuka ukuta mmoja, na mwenye duka, mzee Gotthilf Stähle, amelala kizingitini, amekufa. Alikuwa na miaka sitini na minane. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya swichi ya taa.

Inspekta Roswitha Digel alitoka Reutlingen akafika kabla ya saa kumi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mwendo, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mwenzake aone aibu na kuanza kusema. Mkuu wa zimamoto hakuhitaji kunyamaziwa. Alikuwa na jibu tayari, na alilishika mkononi: trei ya kuokea, ya alumini, imepauka na kukwaruzika kama iliyosuguliwa na mchanga.

"Hii hapa iliyomuua mzee," alisema. "Nimeitoa mwenyewe ndani ya beseni la kostiki, nikaisuuza."

Katika nchi ya Swabia kila duka la mikate lina beseni kama hilo. Brezeli, ule mkate uliosokotwa kama mikono iliyokunjwa, huchovywa kwenye maji ya kostiki, magadi makali yanayounguza ngozi, kabla ya kuingia tanurini, ndipo hupata ngozi yake ya kahawia. Na kila mtoto wa mwokaji hukua akipigiwa kelele moja: alumini isikaribie beseni.

"Kostiki ikila alumini hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka," mkuu wa zimamoto aliendelea. "Haina harufu wala rangi. Imejaa chumbani taratibu, mzee kaingia, kawasha taa. Basi."

"Na lile bomba?" Roswitha alionyesha bomba la njano la gesi lililopita ukutani kuelekea tanuri. Lilikuwa limeachana katikati.

"Limekatwa na mlipuko. Tulilikuta linavuja, tukafunga valvu."

"Beseni bado lina maji yake?"

"Limejengewa ukutani, chuma kizito. Halikumwagika hata kikombe."

"Nichukulie chupa moja ya hayo maji. Na trei naondoka nayo."

Aliigeuza. Kwenye kona, chapa ya kiwanda ilisomeka vizuri, herufi zote. Aliitazama chapa ile kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti.

Mtu mwingine mwenye ufunguo wa chumba kile alikuwa mmoja tu: Lioba Maute, fundi mwokaji wa mzee kwa miaka minane. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na mwezi uliofuata alikuwa afanye mtihani wa umahiri, ule unaompa mwokaji haki ya kufungua duka lake. Roswitha alimkuta jikoni kwake, mikono ameikalia kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

"Jana ulifunga saa ngapi?"

"Saa saba mchana, Inspekta. Nilisafisha meza, nikafunika chachu, nikajaza beseni maji mapya ya kostiki kwa ajili ya Jumatatu."

"Uliweka trei ndani?"

"Hapana." Kisha sauti ikamshuka. "Sijui. Nilikuwa nimechoka. Naiona kabisa mikono yangu inavyofunga mlango, lakini beseni silioni. Labda niliiacha. Labda ni mimi."

"Trei za alumini zinatoka wapi? Pale nimeona za chuma tupu."

"Mama Stähle anazo, stoo ya chini, za biskuti za Krismasi. Mimi pia nina ufunguo wa stoo." Alianza kulia. "Mzee alikuwa anashuka kila Jumapili saa tisa kuilisha chachu unga na maji. Kila mtu anajua. Tangu ile homa ya miaka miwili iliyopita pua yake haikufanya kazi tena, hata harufu ya kitunguu hasikii. Kila asubuhi ananiita, 'Binti, njoo uninusie chachu.' Na mimi nimemuua."

"Usiseme maneno ambayo hujayapima," Roswitha alimwambia.

Ushauri ulichelewa. Maneno yale, "labda ni mimi", Lioba alikuwa ameshamwambia polisi wa kwanza kufika kwake, naye alikuwa ameyaandika. Jumatatu asubuhi mkuu wa Roswitha alipiga simu, furaha imemjaa.

"Amekiri nusu, Roswitha. Uzembe uliosababisha kifo. Alhamisi faili liwe kwa mwendesha mashtaka."

"Akishtakiwa, mtihani ndiyo basi."

"Mtihani? Huyo aombe asifungwe."

Roswitha aliweka simu chini, amekasirika, na hakuficha. Aliwasha gari akaenda kwanza kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kumchukia marehemu. Eugen Rapp alikuwa mwokaji wa upande wa pili wa soko, adui wa Stähle kwa miaka thelathini, na mwezi uliopita alikuwa ametamka kwenye baa, mbele ya watu, kwamba atacheza dansi juu ya kaburi la Gotthilf.

"Nilisema," Rapp alikubali, anapiga donge la unga mezani. "Na viatu nimeshapiga rangi. Sasa?"

"Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Kanisani Metzingen, kwenye ubatizo wa mjukuu. Watu themanini walinisikia nikiimba vibaya. Waulize, wengine bado masikio yanawauma."

"Trei ya alumini ndani ya beseni. Unasemaje?"

Rapp aliacha unga. "Nasema upuuzi. Gotthilf brezeli zake zilikuwa kama kamba ya kiatu, lakini uzembe? Hapana. Kumi na tano iliyopita alimfukuza kazi mtu kwa kijiko cha alumini. Kijiko, dada! Na yule msichana kamlea yeye. Anakagua beseni kama mtu anavyompima mtoto homa."

"Miaka kumi na tano iliyopita?"

"Miaka, ndiyo. Nimekasirika, usinisahihishe." Alivuta pumzi. "Nimekosa hata mtu wa kugombana naye. Toka, nina kazi."

Ubatizo ulithibitishwa kwa simu moja. Roswitha alirudi nyumbani kwa Stähle, ghorofani juu ya duka, ambako mjane Mechthild alimkaribisha na kumkatia keki kabla hajaombwa. Kule huwezi kukaa kwenye kiti cha mtu bila kulishwa, hata kama nyumba ina msiba.

"Pole sana, mama. Nieleze siku ya Jumapili."

"Tulikula saa sita. Nyama ya kuchoma na tambi za mayai. Mwanangu Volkmar alikuja kutoka Tübingen. Anafunga mitambo ya kupasha joto majumbani, mtoto mwema; kila mwaka kabla ya baridi anatuangalizia mabomba."

"Walikuwa wanaelewana na baba yake?"

Mjane alilainisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi. "Gotthilf alikuwa amuandikishie Lioba duka. Jumanne, kwa mthibitishaji wa hati. Volkmar aliambiwa Ijumaa. Mezani hakusema kitu. Nilimshukuru Mungu kwamba hawakugombana."

"Baada ya kula?"

"Saa saba alishuka stoo kuleta jagi la mosti." Mosti ni juisi ya tofaa iliyochacha, na kila nyumba ya pale ina pipa lake. "Alikaa kidogo, akasema bomba la pipa limeziba. Kisha akaondoka."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya saa nane. Keki hakugusa." Hapo mama alisita, kama mtu aliyejikwaa. "Hajawahi kuondoka Jumapili bila keki yangu. Alisema kichwa kinamuuma."

Roswitha aliomba kuiona stoo. Ukutani palikuwa na misumari minne na trei tatu za alumini, chapa ileile pembeni. Mlango wa pili wa stoo, usio na kufuli, ulifungukia moja kwa moja kwenye chumba cha kostiki. Aliziomba trei zote tatu. Mjane alimpa, akamfungashia na keki ya njiani.

Mkemia wa maabara ya polisi alikuwa Daktari Tjark Behrends, mtu wa pwani ya kaskazini, mrefu, aliyekula mkate na samaki mbichi wa siki saa nne asubuhi. Waswabia walimsamehe mengine yote, samaki hawakumsamehe.

"Toa huyo samaki mezani, kuna ushahidi," Roswitha alimwambia.

"Ushahidi wako hauwezi kuharibika zaidi ya hapo. Leta."

Aliziweka trei tatu nzima kwenye mizani, moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na gramu mia tisa na themanini, tofauti haizidi unywele. Ile iliyotoka beseni ilikuwa na mia tisa ishirini na sita.

"Imepungua gramu hamsini na nne," Behrends alisema. "Umeniletea namba ya mtihani wa shule. Alumini ina gramu ishirini na saba kwa moli. Kwa hiyo zimeliwa moli mbili."

"Kemia nilifeli, Tjark. Sema kama unasema na mtu."

"Mwokaji anahesabu brezeli kwa dazeni. Sisi tunahesabu chembe kwa moli. Ni dazeni tu, ila kubwa kiasi kwamba hakuna wa kuzihesabu, kwa hiyo tunapima uzito. Dazeni yetu ya alumini ni gramu ishirini na saba. Umeelewa?"

"Endelea."

"Mmenyuko una masharti yake, haupatani bei. Kila moli mbili za alumini zinatoa moli tatu za haidrojeni. Si nne, si kumi. Na moli moja ya gesi, kwenye joto la chumba, inachukua lita ishirini na nne. Mara tatu?"

"Sabini na mbili."

"Lita sabini na mbili. Ndoo saba za gesi, basi. Chumba kina ukubwa gani?"

"Mita tatu kwa nne, kimo mbili na nusu."

"Lita elfu thelathini. Haidrojeni haishiki moto hewani mpaka ifike sehemu nne katika mia. Hapo unahitaji lita elfu moja na mia mbili." Aliegemea kiti. "Umeniletea sabini na mbili. Hizo zikitawanyika chumbani hazilipui hata puto."

Roswitha aliichukua ile trei iliyopauka, akaigeuza mikononi.

"Labda trei ilitoa yote iliyoweza. Labda kostiki iliisha nguvu," alisema.

"Swali zuri kwa mtu aliyefeli. Katika mmenyuko wowote, kuna kitu kinachokwisha kwanza, na kikiisha, kazi inasimama. Hicho tunakiita kikomo. Kinachobaki ni ziada."

"Kama soseji kumi na mikate minane."

"Utauza sahani nane, na soseji mbili atakula mbwa. Sasa, kikomo chetu ni nani? Alumini haikuisha, trei hii hapa. Kostiki je?" Alichukua ile chupa ya zimamoto, akaipima kwa kudondoshea asidi tone kwa tone mpaka rangi ikageuka. "Beseni lilikuwa na lita ishirini. Likijazwa upya lina moli ishirini za kostiki. Zimebaki kumi na nane. Kostiki na alumini huliana moli moja kwa moli moja, kwa hiyo moli mbili zimetumika, sawasawa na mizani. Hesabu mbili tofauti zimekubaliana."

"Kwa hiyo hakuna kilichokwisha."

"Vyote viwili vilibaki tele."

"Basi kilichokwisha ni muda," Roswitha alisema. "Mkuu wa zimamoto aliitoa majini kabla haijaliwa vya kutosha. Iliingia lini?"

"Hilo halijulikani kwa hesabu tu. Tutajaribu."

Alilowesha mojawapo ya zile trei nzima kwenye maji ya kostiki ya nguvu ileile na ubaridi uleule, chini ya kifyonza hewa. Baada ya saa mbili na nusu aliitoa, akaipima. Ilikuwa imepungua gramu hamsini na tatu. Akairudisha, akaiacha mpaka Jumanne mchana, muda sawa na ule wa tangu Lioba afunge mlango Jumamosi mpaka trei ilipotolewa. Kilichotoka kilikuwa kitu chenye matundu, chembamba kama kaki, nusu ya uzito wake imekwenda, na chapa haikuonekana tena. Safari hiyo kikomo kilikuwa kostiki. Maji yalikuwa yamechoka kabisa.

"Trei ya Jumapili iliingia majini saa saba mchana, dakika chache mbele au nyuma," Behrends alisema. "Msichana wako alikuwa wapi?"

"Kwa bibi yake huko Balingen tangu asubuhi. Wazee kumi na wawili walicheza naye karata."

"Basi si yeye. Na haidrojeni haikumuua mtu."

"Bomba," Roswitha alisema, na tayari alikuwa amesimama.

Bomba la njano lilifumuliwa ukutani Jumanne jioni. Halikuwa limekatika. Liliachana kwenye nati, na nyuzi za nati zilikuwa nzima, haukukwanyuliwa hata uzi mmoja. Nati haifunguki kwa mlipuko bila kuchanika. Ilikuwa imelegezwa, na kwenye kingo zake palikuwa na alama mpya za spana. Gesi ya tanuri hutiwa harufu kali kusudi, ili mtu akimbie. Gotthilf Stähle peke yake ndani ya nyumba ile asingeisikia, na milango miwili ilikuwa imefungwa kati ya chumba na ghorofa. Zimamoto waliisikia, ila wao walidhani ni matokeo ya mlipuko.

Jumatano saa nne Roswitha aliketi tena mezani kwa mjane. Volkmar Stähle alikuwa ameitwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mabega mapana, suti nyeusi ya msiba inambana.

"Nimesikia Lioba amekiri," alisema. "Simchukii. Ajali ni ajali."

"Hakukiri. Alijishuku, na hiyo ni tofauti. Jumapili ulishuka stoo ukakaa sana."

"Bomba la pipa lilikuwa limeziba."

"Nimelifungua leo asubuhi, mosti imenimwagikia viatuni."

Mama aliinua uso. Volkmar alicheka kidogo. "Inspekta, trei imekutwa ndani ya beseni. Mji mzima unajua maana yake. Baba alinipigia kelele utoto wangu wote: 'Trei moja humo, na nyumba inaruka!' Muulize mwokaji yeyote."

"Nimeuliza. Wote wanasema hivyohivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupima. Sisi tumepima. Trei ile ilitoa lita sabini na mbili za haidrojeni. Ilihitaji elfu moja na mia mbili. Na iliwekwa Jumapili saa saba, ulipokuwa chini na jagi."

"Hayo ni maneno ya maabara."

"Ya maabara, ndiyo. Ya spana ni haya: tumekagua gari lako asubuhi hii kwa kibali. Spana yako kubwa ina rangi ya njano kwenye meno, na bomba la baba yako limekwaruzwa mahali palepale. Ulilegeza nati kumuua, ukaweka trei ili abebeshwe mwingine. Ulitaka kuua ndege wawili, kila mmoja kwa jiwe lake. Jiwe la pili lilikuwa jepesi mno, Volkmar. Ulijua nini hutokea, hukujua kiasi gani."

Volkmar alimgeukia mama yake. Mechthild hakuwa akilia. Alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu anayesoma bango la lugha asiyoijua.

"Nilikuwa nimelala hapo juu," mama alisema taratibu. "Juu ya chumba kile. Ulijua nalala baada ya kula."

"Mama, kitanda chako kiko upande wa mbele. Nilihakikisha."

Volkmar mwenyewe alichukua muda kusikia alichokisema. Kisha mabega yakamshuka, na maneno yakatoka yote kwa pamoja, kwa sauti ya mtoto aliyeonewa.

"Usiguse beseni. Usiguse unga. Mikono yako mizito, Volkmar, kajifunze mabomba. Maisha yangu yote! Halafu anakuja msichana wa Balingen, hata si ndugu, huyo ndiye wa kunusa chachu, huyo ndiye wa kupewa ufunguo, huyo apewe na duka. Mimi ni mwanawe!"

"Ulikuwa mwanawe," mama alisema, akaenda dirishani akawapa mgongo mpaka pingu zilipofungwa.

Mkuu wa Roswitha alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu, kama hesabu zile zingesimama mahakamani. Roswitha alimwambia aje azipige mwenyewe, zinahitaji kemia ya darasa la tisa tu. Kisha akaendesha gari mpaka nyumbani kwa Lioba.

Mlango ulifunguliwa na mtu aliyekuwa hajalala siku tatu. Mezani palikuwa na karatasi ya kujiondoa kwenye mtihani, tayari imeshawekwa sahihi.

"Umekuja kunichukua," Lioba alisema. "Nimejiandaa. Jana usiku nimekumbuka kabisa, Inspekta. Nimejiona nikiiweka trei. Mkono wa kushoto."

Roswitha aliwahi kuona wauaji wakidanganya, na hakuna uongo uliomuumiza kama unyofu wa msichana huyu. Alimshika mabega.

"Nisikilize. Hukuiweka. Trei iliingia majini Jumapili mchana, wewe uko Balingen unacheza karata. Tumeipima. Volkmar amekiri."

"Lakini nimejiona."

"Umejiona kwa sababu siku tatu watu wamekuwa wakikuuliza. Akili ilichoka ikawapa walichotaka. Mizani haichoki."

Lioba alisimama pale mlangoni akitazama mikono yake, aliigeuza mara moja, mbili, kama anayekagua mali iliyorudishwa na polisi. Kisha akakaa chini, palepale kwenye zulia la kufutia viatu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akamlilia mzee Gotthilf.